Usingizi wa Mwenye Zamu ya Usiku



Ndugu wasomaji, kwa muda mrefu nimekuwa nikiusoma ukurasa huu bila ya kuuandikia. Nimeshika kalamu leo kwa sababu ya dada mmoja niliyekaa naye matangani wiki mbili zilizopita. Mumewe ni mlinzi wa usiku katika ghala moja huko Shimanzi, na aliniambia kwa sauti ya chini, kama anayefichua aibu, kwamba mumewe halali mchana wala usiku, kwamba amekuwa mkali kwa watoto, na kwamba jamaa wamemshauri amtafutie mtu wa kumsomea. Sikuwa na la kupinga katika kisomo. Lakini nilimwambia kwamba mimi pia niliwahi kuwa katika hali hiyo kwa karibu miaka 2, na kwamba iko tiba ambayo haimo katika chupa wala katika pakiti. Matanga si mahali pa maelezo marefu, basi nikamuahidi kwamba nitaandika.

Mimi ni muuguzi katika wadi ya wazazi, hapa Mombasa, katika hospitali ambayo haina haja ya kutajwa. Zamu ya usiku huanza saa kumi na mbili na nusu jioni, hata Magharibi mara nyingi hunikuta mlangoni mwa wadi, na humalizika saa moja na nusu asubuhi. Alfajiri naiswali huko huko, katika chumba kidogo cha kuwekea mashuka. Miaka ya mwanzo sikuona taabu. Nilikuwa nikirudi nyumbani Majengo, nikioga, nikilala kama gogo. Baada ya mtoto wa tatu, usingizi ulianza kunikimbia.

Haukunikimbia siku moja. Kwanza nilikuwa nikizinduka saa sita mchana badala ya saa tisa, kisha saa tano, kisha ikawa nalala saa moja au mbili na zilizobaki nazimaliza nikitazama dari na kusikiliza tuktuk zikipita. Nilianza kuiogopa ile saa ya kupanda kitandani. Nilinunua vile vidonge vidogo vya manjano vya mafua na mzio, ambavyo kila mtu anajua kwamba huleta usingizi, nikawa nameza kimoja, kisha viwili. Vilinilaza, ndiyo, lakini niliamka kichwa kizito na mdomo mkavu, na baada ya wiki kadhaa hata kulaza havikulaza tena. Nawaeleza haya nikijua kwamba mimi ni muuguzi, na mgonjwa akiniambia amefanya hivyo ningemkanya.

Kilichonizindua ni usiku mmoja wa mwezi wa Machi. Saa kumi za usiku, wakati ambapo joto la mwili huwa karibu na kiwango chake cha chini kabisa na akili nayo hupoa, nilisimama kando ya kitanda cha sita nikiwa na sindano mkononi. Dawa ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha tisa. Nilikwisha mshika mkono yule mzazi. Mwenzangu wa zamu aliniambia kwa utulivu, bila ya kumshtua mgonjwa, "Dada, huyo si wake." Nikarudi nyuma. Hapana aliyedhurika, alhamdulillahi, na ripoti niliiandika mwenyewe. Lakini asubuhi ile, ndani ya matatu, nilijiona kwamba mimi ni mtu ambaye siku moja ataua mama wa watu, na wazo hilo ndilo lililonikosesha hata ile saa moja niliyobakiwa nayo.

Mkubwa wangu wa kazi alinituma kwa mtaalamu wa saikolojia. Nilikwenda nikidhani nitapewa vidonge vya nguvu zaidi. Hakunipa hata kimoja. Alinipa daftari la mazoezi la watoto wa shule, akaniambia niandike kila siku kwa muda wa wiki 2: nimepanda kitandani saa ngapi, nadhani nimepatwa na usingizi saa ngapi, nimeamka mara ngapi, nimetoka kitandani saa ngapi, na kahawa ya mwisho niliinywa saa ngapi. Nilikasirika kidogo. Mtu anazama, nawe unampa daftari.

Daftari lile lilinionyesha jambo nililokuwa sijalijua. Nilikuwa nakaa kitandani kwa wastani wa saa 8 kila mchana, na katika hizo nililala saa 4 na dakika chache. Nusu ya muda wangu kitandani nilikuwa macho. Mtaalamu alinieleza kwamba hapo ndipo penye ugonjwa: mwili wangu ulikwisha jifunza kwamba kitanda ni mahali pa kukesha. Kama vile mtoto anavyonyamaza akisikia kelele ya kijiko na kikombe kwa kuwa ameshajua uji unakuja, ndivyo mwili wangu ulivyokuwa ukizinduka kila unapougusa mto, kwa kuwa umeshajua kwamba sasa ni wakati wa kuhangaika. Na kilichojifunzwa huweza kufunzwa upya.

Tiba hii huitwa tiba ya fikra na tabia kwa ajili ya kukosa usingizi. Sehemu yake moja, ile ya kukirudishia kitanda kazi yake, iliandikwa na Richard Bootzin wa Marekani mwaka 1972. Sehemu nyingine, ya kupunguza muda wa kukaa kitandani, iliandikwa na Arthur Spielman na wenzake mwaka 1987. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi apewe tiba hii kwanza, kabla ya vidonge. Kwa wafanyao kazi usiku, sitaki kuwapamba maneno: tafiti zilizofanywa juu yao ni chache na natija zake hazilingani, kwa sababu mwenye zamu ana matatizo mawili, tabia iliyoharibika na saa ya mwili inayopingana na ratiba yake. Tiba huiponya ile ya kwanza. Ya pili huisaidia tu.

Nieleze hiyo saa ya mwili kwa ufupi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna kijisehemu kidogo kinachopanga lini tuchangamke na lini tusinzie, na hukipokea kipimo chake kutoka katika mwanga unaoingia machoni. Mimi nilikuwa nikitoka kazini na jua la asubuhi la pwani usoni, nikisimama kituoni robo saa nzima, kisha nastaajabu kwa nini mwili hautaki kulala. Jua lilikwisha uambia kuwa kumekucha. Mtaalamu aliniagiza nivae miwani ya jua kutoka hospitalini hadi nyumbani. Buibui, ushungi na miwani mieusi saa mbili kasorobo ya asubuhi. Vijana wa barazani walinipa jina ambalo sitalirudia hapa. Nikafunga pazia zito la kitambaa cheusi kilichokunjwa mara mbili, nikawasha feni, ambayo pamoja na kupoza chumba huzifunika kelele za nje. Kahawa ya mwisho ikawa saa sita usiku. Sikujua, na mimi ni mtu wa afya, kwamba nusu ya nguvu ya kahawa huwa bado imo mwilini baada ya saa tano au sita. Nami nilikuwa nikinywa kahawa chungu saa kumi na moja alfajiri ili nisisinzie ndani ya matatu.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Mazito ni masharti mawili.

Sharti la kwanza: kitanda ni cha kulala na cha mke na mume, basi. Simu isipande kitandani, wala hesabu za karo, wala chai. Na nikiona nimekaa muda kama wa dakika 20 bila ya usingizi, bila ya kutazama saa, niondoke kitandani, nikae chumba kingine penye mwanga hafifu, nifanye jambo la kupoa, na nisirudi mpaka kope zenyewe zianguke. Siku ya kwanza niliondoka kitandani mara 5. Nilikaa sebuleni nikishona vifungo vya shati la skuli nikilia. Mtu mwenye uchovu wa kupasua mifupa kuambiwa aondoke kitandani ni kama mwenye njaa kuambiwa ainuke penye sinia.

Sharti la pili: muda wa kitandani upunguzwe. Mtaalamu aliniambia kwamba kwa desturi mtu aliyelala saa 4 hupewa muda wa saa 5 tu kitandani mpaka usingizi ukamatane, lakini kwa kuwa mimi nashika roho za watu usiku, hataki nipungukiwe ghafla. Tukapunguza pole pole. Nilikuwa napanda kitandani saa mbili na nusu asubuhi na kushuka saa kumi na nusu. Wiki ya kwanza nikashuka saa tisa, wiki ya pili saa nane na nusu. Nikiwa nimelala au sikulala, ikifika saa hiyo natoka. Muda ule wa kitandani ukishakuwa karibu wote ni usingizi, yaani kama sehemu 85 katika 100, ndipo anapoongeza robo saa. Kabla ya kwenda kazini aliniruhusu kujipumzisha nusu saa, jambo ambalo mtu wa zamu ya mchana huwa haruhusiwi.

Hapa ndipo swala ilipoingia. Desturi yangu ilikuwa kutegesha kengele saa sita u nusu, nikaamka, nikatawadha kwa maji baridi, nikaswali Adhuhuri mwanzo wa wakati wake, kisha nikarudi kitandani. Daftari lilionyesha kwamba baada ya hapo usingizi haukurudi hata siku moja. Mtaalamu, ambaye si Mwislamu, alikuwa na adabu. Aliniambia hawezi kunisemea juu ya ibada yangu, niwaulize wenye elimu. Nikamuuliza ustadha wa darsa yetu ya wanawake. Alinikumbusha kwamba wakati wa Adhuhuri ni mpana, unaendelea mpaka unapoingia wa Alasiri, na kwamba mwenye kuamka saa nane na nusu ameamka ndani ya wakati wake, maadamu ana hakika ya kuamka. Akaniambia pia niisome Suratul Rum, aya ya 23, ambamo usingizi wa usiku na wa mchana vyote viwili vimetajwa katika ishara Zake Mola. Nimeisoma sura hiyo tangu chuoni nikiwa na miaka 9 na sikuwahi kulitambua neno "mchana" lililomo humo. Kengele ya saa sita u nusu niliiondoa siku ile.

Ikabaki nyumba yenyewe.

Mavyaa anakaa nasi tangu alipofiwa na mumewe. Ni mwanamke aliyelelewa katika nyumba ambayo jua likimkuta mwanamke kitandani, basi ama ni mgonjwa au ni mzazi. Hakunigombeza hata mara moja. Lakini mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa ikiwekwa chini ya dirisha langu, watoto walikuwa wakitumwa kubisha kuniuliza sukari iliwekwa wapi, na niliwahi kumsikia akimwambia mgeni, "Mkaza mwanangu, jua humkuta kitandani na humwacha kitandani." Mimi nikanyamaza. Nikiwa nimelala nusu, nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo maneno ambayo ningeona haya kuyatamka, na majibu hayo, dada zangu, hufukuza usingizi kuliko kahawa.

Kikao cha tatu mtaalamu alitaka nije na mtu wa nyumbani. Nilidhani atakuja mume wangu. Yeye ndiye aliyesema, "Mchukue mama. Mimi mchana sipo." Nilikaa siku 2 kabla sijathubutu kumwambia.

Alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini. Mtaalamu hakumhutubia. Alimuuliza tu, "Mama, mtu akikujia saa nane za usiku akakuuliza sukari iko wapi, halafu saa tisa akaja tena akakuuliza chumvi, na saa kumi akaanza kukuna nazi kichwani pako, ungeamkaje?" Mavyaa hakucheka. Alisema, "Ningeamka mbaya." Basi. Njiani hatukuzungumza.

Siku mbili hapakuwa na mabadiliko yoyote. Siku ya tatu nilipozinduka ilikuwa saa nane na dakika kumi, na nyumba ilikuwa kimya mpaka nikaogopa. Nikatoka. Mbuzi ya nazi ilikuwa imepelekwa uani, na mavyaa alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, ameziba njia, anachambua mchele. Hakuniambia kitu isipokuwa kwamba jirani alikuja na amemrudisha.

Ilipita miezi kabla hajaniambia la zaidi. Ilikuwa jioni, tunakaanga mahamri ya futari, akasema bila ya kuinua macho kwamba marehemu mkwe wangu alifanya kazi ya usiku bandarini miaka mingi. "Nikimwamsha saa nne aende sokoni," akasema. "Kila siku. Nikidhani ndio ukali wa mke mwema." Kisha akaniambia nipunguze moto.

Sikujua la kumjibu, wala sijui hata leo.

Lile wazo la kwamba nitaua mtu, mtaalamu hakunambia kwamba ni la uongo. Nilimshukuru kwa hilo. Aliniambia tulichambue: kukosa usingizi siku moja kumenifanya nikosee mara ngapi katika miaka 11? Na kama hatari ipo, na ipo, ni kipi kinachoizuia, mimi kulazimisha usingizi mchana au wadi kuwa na utaratibu? Tangu hapo mimi na mwenzangu hatutoi dawa kuanzia saa tisa usiku bila ya kusomeana jina la mgonjwa na namba ya kitanda kwa sauti. Wazo lilipopata mahali pa kufanyia kazi, likaacha kunifuata kitandani. Na usingizi nao una tabia ya mgeni mwenye haya; ukimvuta mkono hatoki kwao.

Baada ya wiki 7 nilikuwa nalala saa 6 kwa mfululizo katika siku nyingi za zamu. Vidonge niliviacha katika wiki ya tatu. Nisiwadanganye kwamba mambo ni laini: katika wiki ya mapumziko, ninaporudi kulala usiku kama watu, siku 2 za mwanzo huwa kama mtu aliyeshuka jahazini. Siku ninapomaliza zamu ya mwisho nalala saa 2 tu asubuhi, kisha navumilia mpaka usiku. Ramadhani huvuruga kila kitu, nami nimekubali kwamba mwezi huo daftari litakuwa baya. Na niliomba zamu zangu zisibadilishwe kila wiki, nilikubaliwa nusu.

Sasa nikurudie wewe, dada yangu wa matangani. Kabla ya yote muulize mumeo, au msikilize akiwa amelala: je, hukoroma kwa nguvu na pumzi ikakatika kisha akashtuka? Kama ndivyo, ampeleke kichwa chake kwa daktari kwanza, hilo ni jambo jingine na lina tiba yake. Kadhalika mwenye kifafa, mwenye maradhi ya akili ya kupanda na kushuka, mwenye mimba, na anayeendesha gari au mitambo, wasijipunguzie muda wa kulala wenyewe bila ya mtaalamu. Lakini daftari halimdhuru mtu. Daftari la karatasi 32 linatosha kwa miezi. Aandike akishaamka na kutoka, si akiwa kitandani. Asitazame saa usingizini ili apate kuandika, kukisia kunatosha. Na wewe katika wiki 2 hizo usimshauri kitu chochote. Watoto wako wakirudi chuoni mchana, wapitishie mlango wa uani.